Ustadi wa Jedwali la Mistari Milioni

Katika sanaa zilizozaliwa na zama za tarakilishi, aghalabu husifiwa zile zenye rangi na kishindo, ilhali ipo moja ya kimya, ambayo karani wa benki, mtunza bohari na mtakwimu huitumia tangu asubuhi hata jioni bila ya kuitia maanani, nayo ni sanaa ya kuonyesha jedwali la mistari milioni juu ya kioo kisichoenea zaidi ya mistari arobaini.

Kila mstari ukipewa kimo cha pikseli 20, jedwali hilo huwa na urefu wa pikseli milioni 20, ambazo kwa kipimo cha pikseli 96 kwa inchi ni zaidi ya kilomita tano. Na mwenye kuiamuru tarakilishi iuchore urefu wote huo kabla msomaji hajauona mstari wa kwanza, huimaliza kumbukumbu ya mashine na subira ya mtu kwa pamoja. Fundi hodari hachori kisichoonekana. Huupima uwazi wa kioo, akaugawanya kwa kimo cha mstari, akatambua ni mistari ipi iliyo mbele ya macho lahadha ile, ndipo akaitaka hiyo tu. JTable, kijenzi cha kuonyeshea majedwali katika lugha ya Java, ilikuwa na adabu hii tangu 1998: jedwali lenyewe halimiliki hata tarakimu moja, bali huuliza mistari ni mingapi, safu ni ngapi, na katika mstari huu na safu hii mna nini, na majibu ya aina moja huchapwa na mchoraji yule yule mmoja, apitaye kisanduku baada ya kisanduku kama muhuri wa posta juu ya barua.

Kadhalika katika kupanga: msomaji agongapo kichwa cha safu ya tarehe, fundi haihamishi data, bali hupanga upya orodha ya namba za mistari, na data ikabaki amana isiyoguswa.

Kile kijiti cha pembeni cha kusogezea jedwali, ambacho wengi hukidhani pambo, kina mtihani wake. Njia yake ikiwa ya pikseli 800, kukisogeza pikseli moja ni kuruka mistari 1,250, hata mkono mtulivu kuliko yote usiweze kuufikia mstari uutakao. Basi jedwali kubwa lisilo na mahali pa kutafutia, kwa rai yangu, halijakamilika, lingawa zuri namna gani.

Lakini kuficha kwa ustadi si sawa na kupoteza. Programu za majedwali zina ukomo wa mistari: VisiCalc ya 1979 ilikuwa na mistari 254; faili za Excel za mtindo wa zamani zilikomea 65,536, na tangu toleo la 2007 ukomo ni 1,048,576. Mwaka 2020, huko Uingereza, visa 15,841 vya korona vilikosekana katika hesabu za kila siku, kwa kuwa faili za mtindo ule wa zamani zilijaa, na mistari iliyozidi ikaachwa nje pasipo mtu kuonywa.

Enyi mafundi wa majedwali, andikeni chini ya kila jedwali ni mistari mingapi iliyopokewa na mingapi iliyokataliwa, kwa herufi za kusomeka.