Kosa la Antonio

Mwaka 1969 ilitoka tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, iitwayo Mabepari wa Venisi. Wasomaji wengi wa mchezo huo humlaumu Shylock, mkopeshaji aliyedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake; na ukatili wa dai lile hauna mtetezi. Lakini naomba ruhusa ya msomaji nimshitaki mtu mwingine, ambaye aghalabu huhurumiwa tu: mdeni mwenyewe, Antonio mfanyabiashara.

Kila msimamizi wa mali, iwe ya duka moja au ya kampuni kubwa, hana budi kujibu maswali matatu. Mtaji utiwe katika kazi gani? Kiasi gani kibaki mkononi kwa siku ya haja? Na ikilazimu kukopa, kukopwe kwa masharti gani?

Kwa swali la kwanza Antonio hakuwa mjinga. Hakutia mali yake yote katika chombo kimoja, wala hakuipeleka nchi moja: merikebu zake zilikwenda Tripolis, Uingereza, Meksiko na Bara Hindi. Alijisifu kwa tahadhari hiyo. Hata hivyo ilikuwa na ila iliyojificha: bandari zilikuwa nyingi, lakini hatari ya bahari ilikuwa moja.

Kwa swali la pili alishindwa kabisa. Rafiki yake Bassanio alipohitaji fedha za kwenda kumposa Portia, tajiri huyu hakuwa na fedha taslimu wala bidhaa ya kuuza. Hapa pana fundisho kubwa: utajiri ni jambo moja, na fedha ya kulipia deni la leo ni jambo jingine. Biashara yenye faida nzuri daftarini yaweza kufa kwa kukosa ya pili.

La tatu ndilo baya zaidi. Alikopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, akitumaini vyombo vyake vingerudi mwezi mmoja kabla ya siku ya kulipa. Basi deni lenye siku maalumu liliegemezwa juu ya pato lililotegemea pepo! Tena dhamana ilikuwa mwili wake, naye mkopeshaji alikuwa Myahudi aliyekuwa amemtukana na kumtemea mate. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga, kwake maneno hayo yalikaribia kutimia yalivyo. Bassanio alipoleta fedha maradufu mahakamani, siku ilikuwa imekwisha pita, na mdai hakuzitaka.

Udhaifu wa mchezo nauona mwishoni. Portia amwokoa Antonio kwa werevu wa sheria, kisha barua yaleta habari kwamba merikebu tatu zimefika salama, wala hatuelezwi barua hiyo ilipatikanaje. Mtunzi anayo haki ya kufurahisha watazamaji wake; lakini kwa kufanya hivyo amemrudishia Antonio mali bila kumtaka akiri kosa. Msimamizi wa kampuni hana Portia wa kumtetea wala barua ya ghafula. Akikosea, wanaolipa ni wenye hisa waliomwamini, na wafanyakazi wanaongoja mshahara mwisho wa mwezi. Kwa hiyo na ajiulize kabla ya kutia sahihi: vyombo vikichelewa, nitalipa kwa nini?