Usihesabu Kijani: Namna ya Kupima Majaribio ya Usiku

Mgeni akiingia kwa waandishi wa programu, kitu cha kwanza kuoneshwa ni ubao wa majaribio. Vijisanduku vimejipanga, karibu vyote vya kijani, na mwenyeji anataja idadi ya majaribio yake kama mfugaji anayetaja ng'ombe. Elfu nne, elfu kumi na mbili. Karibu yote yamepita usiku wa jana kwenye Windows, Linux na macOS, na hakuna mtu aliyeyashika kwa mkono.

Kijani hicho hakikuambii kitu mpaka ujue wekundu wa mahali hapo ukoje. Majaribio mabaya nayo hupita, tena hupita kwa urahisi kuliko mazuri. Anayetaka kujua kama kazi imefanywa na fundi au na mbabaishaji inambidi aangalie yanavyoanguka: yanaanguka kwa sababu gani, yanasema nini yakianguka, na nani huamka akashughulika nayo.

Desturi yenyewe ni kongwe. Kila usiku mashine huchukua msimbo wote wa siku hiyo, huijenga programu upya kwa kila jukwaa, kisha huipitisha kwenye majaribio ili asubuhi watu wakute habari. Microsoft walipokuwa wakitengeneza Windows NT mwanzoni mwa miaka ya 1990 walijenga toleo kila siku na kuwalazimisha watengenezaji kulitumia wao wenyewe kwenye kompyuta zao. Netscape, watengenezaji wa kivinjari, walikuwa na Tinderbox, ambayo mradi wa Mozilla uliirithi msimbo ulipowekwa wazi mwaka 1998: ukurasa mmoja, kila mashine na safu yake. Kijani kilimaanisha mambo ni sawa, rangi ya chungwa kwamba programu imejengeka lakini majaribio yameanguka, na nyekundu kwamba haikujengeka kabisa. (Jenkins, chombo kingine cha kazi hiyohiyo, kwa miaka mingi ilitumia buluu badala ya kijani, kwa kuwa mwanzilishi wake, Kohsuke Kawaguchi, ni Mjapani, na Wajapani taa ya barabarani inayoruhusu magari huiita ya buluu.)

Kutofautisha chungwa na nyekundu kunaonekana jambo dogo, lakini ndiyo alama ya kwanza ya ubora. Mfumo unaosema "imeshindikana" bila kueleza zaidi unamlazimisha mtu afungue kumbukumbu ya mistari elfu ishirini ili agundue tu kwamba diski ya seva ilijaa. Mfumo mzuri una angalau aina tatu za kushindwa: programu haikujengeka, programu imekosea, au mashine yenyewe imeleta matata. Mozilla baadaye waliongeza zambarau kwa aina hii ya tatu. Ukikuta mahali ambapo mtandao ukikatika hesabu inaandikwa dhidi ya programu, jua kwamba watu wa hapo wameshazoea kupuuza ubao.

Sasa omba kuoneshwa jaribio la mwisho lililoanguka kwa haki. Usikubali mfano waliokuandalia, taka la mwisho. Soma ujumbe wake kana kwamba wewe ndiye uliyepigiwa simu saa kumi na moja alfajiri. Ujumbe wa hovyo husema "ilitarajiwa kweli, imepatikana si kweli", basi. Ujumbe wa fundi hukuambia kilichokuwa kikifanywa, thamani iliyotarajiwa na iliyopatikana, mashine na toleo la mfumo wa uendeshaji, mabadiliko yaliyoingia tangu usiku uliopita na, hili ndilo ninalolitafuta kuliko yote, amri moja unayoweza kuinakili ukairudisha hitilafu ileile kwenye mashine yako. Kama jaribio linatumia namba za bahati nasibu, ile namba ya kuanzia iwe imeandikwa. Kama linahusu sura ya skrini, picha ziwepo: inayotakiwa, iliyopatikana, na ya tatu inayoonesha zinapotofautiana.

Majaribio ya usiku yana udhaifu wa asili, kwamba kosa linaloonekana asubuhi limefichwa ndani ya mabadiliko ya siku nzima. Kwa hiyo angalia jinsi wanavyomtafuta mhalifu. Njia ya kugawa nusu kwa nusu, ambayo git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, huifanya kwa amri ya bisect, huhitaji hatua kumi tu kupata badiliko moja ovu kati ya elfu moja. Mozilla wana chombo kiitwacho mozregression, kinachopakua matoleo ya usiku ya zamani ya Firefox na kukuuliza baada ya kila toleo kama kasoro ipo au haipo, mpaka ibaki siku moja. Hilo linawezekana kwa sababu matoleo hayo yamehifadhiwa. Timu inayofuta matoleo yake baada ya wiki moja ili kuokoa nafasi imejinyima ushahidi, na diski siku hizi si ghali kiasi hicho.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe, ambao ndio unaoua mifumo mingi ya aina hii: majaribio vigeugeu. Jaribio kigeugeu hupita leo na kuanguka kesho ilhali hakuna hata herufi moja ya msimbo iliyobadilika. Google walieleza mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa kiasi fulani, na kwamba katika asilimia 84 ya mara ambazo jaribio lilitoka kwenye kupita likaanguka, kigeugeu kilihusika. Hiyo ni Google, yenye fedha na watu. Mwandishi wa programu akishazoea kwamba mara nyingi wekundu ni wa uongo, atabonyeza kitufe cha kurudia bila kusoma, na siku wekundu utakapokuwa wa kweli atabonyeza vilevile.

Vyanzo vyake vinajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu miradi ya programu huria ya Apache ulikuta kwamba sababu kubwa, kama asilimia 45, ni kutosubiri ipasavyo: jaribio linatuma ombi, linalala sekunde mbili, kisha linatazamia jibu liwe limefika. Kwenye kompyuta mpya ya mwandishi sekunde mbili ni nyingi mno. Saa nane usiku, kwenye seva inayoendesha kazi nyingine nane, hazitoshi. Zilizofuata ni nyuzi za programu, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani yake, kugombania kitu kimoja, asilimia 20, na majaribio yanayotegemea mpangilio, asilimia 12, yaani jaribio la pili linapita kwa sababu tu la kwanza liliacha faili mahali fulani.

Kwa mpimaji hii ni neema, maana unaweza kupekua mwenyewe. Omba msimbo wa majaribio na utafute amri ya kulala. Kila mahali ilipo pana mtu aliyekisia muda badala ya kusubiri tukio. Kisha waambie wayaendeshe majaribio kwa mpangilio uliovurugwa, jambo ambalo zana nyingi hulifanya kwa chaguo moja tu. Nyuso za wenyeji zitakupa jibu kabla ya ubao.

Wengi hutibu ukigeugeu kwa kurudia: jaribio likianguka linaendeshwa tena hadi mara tatu, na likipita mara moja linahesabiwa kijani. Mimi nakubali kurudia ikiwa tu kila marudio yanaandikwa na kuonekana. Yakifichwa ni udanganyifu, tena wa hatari, kwa kuwa si kila kigeugeu ni kosa la jaribio. Hitilafu inayotokea mara moja katika mara hamsini huenda imo ndani ya programu yenyewe, na mteja wako mwenye simu ya polepole ataiona kila siku. Watu wa Mozilla waliiheshimu hoja hii kiasi cha kutengeneza rr, chombo kinachorekodi mwendo wote wa programu ili uweze kuurudia hatua kwa hatua, na baadaye wakakiongezea hali ya vurugu inayobadilisha kwa makusudi zamu za nyuzi ili kigeugeu kijitokeze upesi. Timu ndogo haihitaji kufika huko. Inahitaji karantini: orodha ya wazi ya majaribio yaliyotengwa, kila moja na jina la mhusika na tarehe ya mwisho. Isome orodha hiyo. Kama kuna jaribio lililokaa humo mwaka mzima, si karantini tena, ni kaburi.

Kuhusu majukwaa, usiridhike na majina matatu yaliyoandikwa juu ya safu. Uliza majaribio yanayoanguka kwenye jukwaa moja tu ni yapi. Yasipokuwepo kabisa, ama programu ni ndogo sana ama kuna mtu anayaruka kimyakimya. Tofauti za kweli ziko nyingi: faili liitwalo Ripoti likiombwa kwa jina la ripoti litafunguka kwenye Mac na Windows kwa mipangilio ya kawaida, lakini Linux itasema halipo. Windows haikubali faili liitwalo aux, na kwa kawaida huzuia kufuta faili ambalo programu nyingine bado imelifungua, jambo ambalo Linux huliruhusu. Katika lugha ya C, aina ya namba iitwayo long ina biti 64 kwenye Linux ya biti 64 na biti 32 tu kwenye Windows ya biti 64. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, hujenga vifurushi vyao hata kwa s390x, mashine kubwa za IBM zinazopanga baiti kinyume na kompyuta zetu, na ukidhani ni anasa, waulize wanaosimamia vifurushi hivyo ni makosa mangapi ya kumbukumbu yamefichuliwa na majukwaa ya pembeni namna hii.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mambo mawili ya kuongeza. La kwanza ni saa. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC), na seva nyingi za kukodi huwekwa kwenye saa ya dunia. Maana yake, kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku tarehe ya Nairobi na Dar es Salaam ni tofauti na ya seva, na hapo hasa ndipo majaribio ya usiku huendeshwa. Jaribio linaloangalia "miamala ya leo" litaanguka usiku na kupita mchana, na mtu ataliita kigeugeu kumbe limegundua kosa ambalo mteja anayetuma pesa saa saba usiku ataliona kwenye taarifa yake. Timu iliyoweka saa bandia ndani ya majaribio, ikaipeleka kwenye dakika za mpaka huo kwa makusudi, inajua kazi.

La pili ni simu. Nimeona programu za kibenki zilizojaribiwa kwenye emuleta, yaani programu inayoigiza simu, ya simu ya kifahari ndani ya seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32, ilhali wateja wanashika Tecno, itel na Infinix zenye gigabaiti mbili na nafasi iliyokwisha kwa picha. Kabla hujaikubali orodha ya majukwaa ya programu ya simu, pita mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au Luthuli Avenue, Nairobi, uangalie kinachouzwa. Simu halisi tano za bei nafuu zilizounganishwa kwa waya kwenye kompyuta moja zina thamani kuliko emuleta hamsini.

Bado hujajua kama majaribio yanang'ata. Dawa yake ni kuiharibu programu kwa makusudi. Wazo la kugeuza msimbo kidogo, alama ya kujumlisha ikawa ya kutoa, kisha kuangalia kama kuna jaribio litakalolalamika, lilitolewa na Richard Lipton mwaka 1971, na leo zipo zana za kulifanya usiku kucha. Kwa ukaguzi wa nusu saa hutahitaji zana. Chagua mstari mmoja muhimu, ugeuze, subiri. Majaribio ya Mozilla ya kulinganisha kurasa yana ustadi mdogo ninaoupenda: mbali na yale yanayodai kurasa mbili zionekane sawa, yapo yanayodai zionekane tofauti, ili kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe kinaona. Na SQLite, hazina ya data iliyomo ndani ya kila simu ya Android, hujaribiwa kwa kunyimwa kumbukumbu: ombi la kwanza la kumbukumbu linakataliwa, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka kazi nzima ikamilike bila kukataliwa, na kila mara programu inatakiwa ishindwe kwa adabu bila kuharibu data. Ukiwa na mfano huo kichwani, hutashangazwa tena na mtu anayejisifu kwamba majaribio yake yamepitia asilimia 90 ya mistari. Kupita juu ya mstari si kuukagua.

Mengine ni ya haraka. Toleo lililojaribiwa liwe ndilo hilohilo litakalotolewa, lisijengwe upya baadaye. Mashine ianze ikiwa tupu kila usiku. Majaribio yamalizike kabla watu hawajafika kazini, maana matokeo ya saa tano asubuhi yanakuta msimbo umeshabadilika.

Mwisho, uliza ni nani anayesoma. Mozilla na mradi wa kivinjari wa Chromium kila mmoja aliweka wasimamizi wa zamu walioitwa masherifu, wenye mamlaka ya kulirudisha nyuma badiliko la mtu yeyote na hata kuzuia wote wasiingize msimbo mpaka mambo yanyooke. Zamu kama hiyo yaweza kuwa ya mtu mmoja katika timu ya watu wanne, mradi neno lake lisipingwe na meneja wa mauzo. Mfumo unaoruhusu toleo jekundu limfikie mteja bila mtu kuandika jina lake na sababu, uwe na majaribio elfu kumi na mbili au laki moja, mimi nisingeulipia.