Sarafu Isiyo na Sanadi: Uhakiki wa Madai ya "Fedha za Kirumi" Mpakani Tunduma

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baad. Baada ya swala ya Alasiri katika msikiti mmoja hapa Tunduma, kijana alinifuata akiwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na sarafu tatu za fedha. Aliyemuuzia alimwambia kuwa hizo ni "dinari za Kirumi", zile zilizotajwa katika Qur'ani, na kwamba zilichimbwa shambani upande wa Mbozi pamoja na nyingine nyingi. Kijana alikuwa ameshatoa kianzio na anatafuta salio. "Ustadh," akaniuliza, "nikizipata zote, nitoe khumsi kama tulivyosoma kwenye rikazi, au zaka?"

Nikazisoma. Upande mmoja pana kichwa cha mtu mwenye kofia ya chuma, na pembeni yake maneno GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili pana simba na mtende, jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki na mwaka 1892. Kijana alikuwa ameuona mwaka huo. Aliambiwa kuwa ni namba ya siri ya hazina.

Ndugu msomaji, ile ilikuwa rupia ya Mjerumani, fedha aliyoijua babu wa babu yake. Wala tusimcheke. Maandishi yale kweli ni ya Kilatini, lugha ya Warumi. "Imperator" kweli ni cheo cha watawala wa Rumi, na hata neno "Kaisari" ambalo Wajerumani walimwita mfalme wao limetoka kwa Warumi hao hao. Shilingi ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyotolewa mwaka 1921, nayo ilikuwa na jina la Mfalme George kwa Kilatini: GEORGIVS V REX ET IND: IMP. Wafalme wa Ulaya walipenda kujivika kanzu ya Rumi. Basi mtu akiona kichwa cha mfalme na herufi za Kilatini akasema "Rumi", hakukosea kila kitu. Kosa lake ni kuishia hapo.

Makala hii inahakiki madai hayo, na pamoja nayo tabia iliyo pana zaidi, ambayo hata sisi tunaoandika na kuwaidhi hatukusalimika nayo: kuipokea sarafu kama dalili ya historia, kisha kuijengea hukumu ya sheria, bila ya kuuliza imetoka wapi na imepitia mikononi mwa nani.

DINARI YA QUR'ANI NI IPI?

Qur'ani imetaja dinari katika Surat Aal Imran, aya ya 75, inapoeleza uaminifu na hiyana za baadhi ya Ahlul Kitab. Imetaja dirhamu katika Surat Yusuf, aya ya 20, Nabii Yusuf (A.S.) alipouzwa kwa dirhamu chache. Kutokana na hapo watu husema: dinari ni neno la Kirumi, kwa hiyo kila fedha ya Kirumi ni dinari. Hoja hii inataka kuchambuliwa.

Neno dinari limetoka katika "denarius", sarafu ya fedha nyeupe ambayo Warumi walianza kuipiga karibu mwaka 211 kabla ya Masihi. Zama za Augusto ilikuwa na uzito unaokaribia gramu 4 na fedha yake ilikuwa safi. Mwaka 64 baada ya Masihi Nero akapunguza uzito wake na kuitia shaba zaidi. Waliomfuata wakaendelea na mwendo huo, hata ilipofika miaka ya 260 fedha ya Rumi ilikuwa ni shaba iliyopakwa weupe. Denario ikafa. Konstantino akaimarisha dola kwa sarafu ya dhahabu ya gramu 4 na nusu, na Waarabu wa Hijazi waliofanya biashara na Shamu wakaiita hiyo dhahabu kwa jina la ile fedha iliyokufa.

Kwa hiyo dinari waliyoijua Maswahaba ilikuwa dhahabu ya Rumi ya Mashariki. Fedha nyeupe waliyoishika ilikuwa dirhamu ya Wafursi wa Kisasani, yenye picha ya mfalme upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili. Waislamu waliendelea kuzitumia sarafu hizo kwa miongo kadhaa, wakati mwingine wakiongeza "Bismillah" pembezoni, mpaka Khalifa Abdulmalik bin Marwan alipotoa dinari yenye maandishi matupu mwaka 77 Hijria (696/697), na dirhamu ya namna hiyo mwaka 79. Anayeuza kipande cha fedha chenye kichwa cha mfalme kwa jina la "dinari ya Qur'ani" amekosea madini na zama kwa pamoja.

JE, FEDHA ZA KIRUMI ZILIFIKA KWETU?

Ushahidi wa maandishi tunao. Katika karne ya kwanza baada ya Masihi, mfanyabiashara wa Kigiriki aliyekuwa Misri aliandika kitabu cha safari za Bahari ya Hindi, maarufu kwa jina la Periplus. Anazitaja bandari za pwani yetu, na ya mwisho anaiita Rhapta. Anaorodhesha bidhaa zilizoletwa: mikuki, mashoka, visu, shazia na vyombo vya kioo, na sehemu nyingine divai na ngano kwa ajili ya kuwaridhisha wenyeji. Zilizotoka kwetu ni pembe za ndovu na vifaru na magamba ya kasa. Kwa bandari za India, kama Barygaza na Muziris, mwandishi huyo huyo anataja wazi kuwa sarafu zilipelekwa. Kwa pwani yetu hazitaji.

Tofauti hiyo ina maana. Fedha za Rumi zilimiminika India kwa ajili ya pilipili na vitambaa, hata Plinio akalalamika kuhusu mamilioni yanayotoka kila mwaka. Kwetu biashara ilikuwa ya mali kwa mali. Na walipochimba wataalamu wa Tanzania wakiongozwa na Profesa Felix Chami katika eneo la Rufiji miaka ya 1990, walichokipata kinachohusishwa na Rumi ni shanga za kioo. Shanga zinaafikiana na Periplus. Mfuko wa denario huku Songwe, mamia ya kilomita kutoka baharini, hauafikiani nayo, na anayeudai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi.

Atakayepinga atasema: mbona vitabu vinataja sarafu za kale zilizopatikana Afrika Mashariki? Ni kweli. Mwaka 1960 G.S.P. Freeman-Grenville alichapisha uchunguzi wa sarafu zote zilizoripotiwa katika nchi hizi, na kazi yake ina faida kubwa. Lakini ndani yake zimekaa pamoja sarafu zilizotoka ardhini mbele ya wachimbaji na sarafu zilizoletwa na mtu akisema "niliziokota". Mfano wa namna hii ya pili ni hazina ya Bur Gao, kusini mwa Somalia, iliyodaiwa kupatikana mwanzoni mwa karne ya 20. Mna sarafu za Ptolemaio wa Misri, za Rumi, kisha za Mamluki na za Uthmaniya. Ni nani aliyezika chungu kimoja kwa zaidi ya miaka elfu moja? Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, alizitilia shaka habari hizo, na alifanya vyema. Wanafunzi wa hadithi wataitambua kazi hiyo: ni jarhi na taadili.

SANADI YA SARAFU

Maulamaa wetu hawakuipokea hadithi kwa uzuri wa matini yake peke yake. Waliuliza nani kaipokea kutoka kwa nani, na walikutana wapi. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuihakikisha habari inayoletwa na fasiki kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Sarafu nayo ni habari. Matini yake ni maandishi na picha. Sanadi yake ni mahali ilipolala: kina gani, chini ya sakafu ipi, pamoja na vigae gani. Ikitolewa hapo bila ya kuandikwa, sanadi imekatika, na haiungwi tena kwa kiapo cha muuzaji.

Tazama nguvu ya sanadi ikiwa sahihi. Mwaka 1984 Mark Horton alichimba Mtambwe Mkuu, Pemba, zikapatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala Waislamu wa pwani, akiwamo Ali bin al-Hasan, na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yenye kina kinachokutana pande mbili za sarafu. Sarafu za namna hiyo hazina mwaka. Chittick alikuwa amemweka Ali bin al-Hasan wa Kilwa karibu na mwaka 1200. Lakini ndani ya hazina ya Mtambwe zilikuwamo dinari chache zinazohusiana na utawala wa Kifatimi, ambazo zinasomeka tarehe, nazo zikairudisha hazina nzima katika karne ya 11. Vipande vidogo vya fedha vilisahihisha kauli ya mtaalamu mkubwa kwa sababu vilikutwa mahali pake, pamoja na wenzake. Lau vingeuzwa kimoja kimoja sokoni, tungebaki na kosa la zaidi ya karne moja katika historia ya Uislamu wa pwani yetu.

Hapa ndipo ninapowalaumu ndugu zangu waandishi na wahadhiri. Tunapenda kusema "imepatikana sarafu" ili kuthibitisha ukongwe wa dini yetu katika nchi hii. Ukongwe huo umethibiti kwa dalili sahihi wala hauhitaji dalili dhaifu. Dalili dhaifu ikivunjwa na mpinzani, wasikilizaji hudhani kuwa na zile sahihi zimevunjika.

HUKUMU ZINAZOFUATA

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa katika rikazi kuna khumsi, na hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Lakini wanazuoni wa Kishafii wameeleza kuwa rikazi ni mali iliyozikwa zama za jahiliya, na wakaifanya alama ya sarafu kuwa kipambanuzi. Yenye jina la mfalme Mwislamu au maneno ya Qur'ani ina hukumu ya luqata, yaani mali iliyookotwa, na hutangazwa mwaka mzima. Ona basi: fakihi hawezi kutoa hukumu bila ya kuisoma sarafu. Aliyekimbilia khumsi kabla ya kusoma ameiruka hatua ya kwanza.

Rupia ya 1892 si mali ya jahiliya iliyopotea mwenyewe. Serikali ya Kijerumani ilipotoza kodi ya nyumba kuanzia mwaka 1898, watu walilazimika kutafuta rupia, na waliozipata walizificha ndani ya nyumba zao. Ikichimbuliwa kwenye shamba la watu, mwenye shamba na warithi wa wazee wake huulizwa kwanza. Haki yao haianguki kwa sababu mchimbaji alikuja usiku.

Kuhusu zaka, sarafu za fedha zilizowekwa hutazamwa kwa fedha safi iliyomo. Nisabu ni dirhamu 200, ambazo wengi wa wanazuoni wa leo wanazikadiria kwa gramu 595. Rupia moja ina gramu 11.66, na fedha safi ndani yake ni kama gramu 10.7. Basi mwenye rupia 56 zilizopitiwa na mwaka amefikia nisabu, hata kama anaziita mkusanyo wa kumbukumbu. Shilingi ya 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha, kwa hiyo hesabu yake ni mbali na hapo. Picha ya mfalme haiondoi wajibu huo, kama ambavyo picha ya Kisra haikuwazuia waliotangulia kuzitolea zaka dirhamu zao.

Kuhusu kununua, wabadilishaji wa kwacha na shilingi hapa mpakani wanaijua kanuni ya mkono kwa mkono. Majmaa ya Fiq-hi ya Kiislamu iliamua mwaka 1986 kuwa noti zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Kwa msingi huo, fedha kwa noti ni sarfu: hutolewa hapa na kupokewa hapa. Kianzio leo na salio mwezi ujao ni mlango wa riba, achilia mbali kuwa huo ndio mlango wa matapeli. Na anayeita rupia "dinari ya Qur'ani" ili apandishe bei ameghushi, na Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kughushi pale aliposhika nafaka iliyoloana ndani ya lundo sokoni.

Liko pia la nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na haimruhusu mtu kuchimba magofu bila ya kibali. Sheria hiyo inalinda maslahi ya umma, na sisi Waislamu ni wa kwanza kufaidika nayo, kwani sehemu kubwa ya magofu ya pwani ni misikiti na makaburi ya wazee wetu.

Nilimshauri kijana adai kianzio chake mbele ya mashahidi, wala asitoe salio. Kianzio hakikurudi. Zile rupia tatu alibaki nazo. Siku nyingine alikuja kuniuliza neno moja tu: babu yake aliwahi kusimulia kuwa wazee walificha rupia za kodi chini ya jiko, je, kuna mahali pa kuyaandika masimulizi hayo? Nikamwambia aanze na daftari lake mwenyewe, aandike jina la msimuliaji, kijiji na siku aliyosikia. Hiyo ni sanadi.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.