Senene wabichi hawasubiri: kuchagua mtandao wa kuuzia Bukoba na Muleba

Msimu mkubwa wa senene Bukoba ni Novemba na Desemba. Mtego unajulikana: taa kali, mabati yaliyosimamishwa na mapipa chini yake. Alfajiri mapipa yanamwagwa, kazi ya kunyonyoa mbawa na miguu inaanza, na kuanzia hapo muda unahesabika. Senene mbichi asiponunuliwa au kukaangwa upesi anaharibika. Aliyekaangwa na kukaushwa vizuri anakaa wiki kadhaa na anaweza kusafiri hadi Dar es Salaam kwa basi, takriban kilomita 1,400. Muuzaji ni mmoja na mdudu ni yuleyule, lakini bidhaa ni mbili.

Nimeanza na senene kwa sababu wanaonyesha wazi kosa linalofanywa na wafanyabiashara wengi wadogo wanapochagua mtandao wa kijamii. Wanauliza mtandao upi una watu wengi. Swali la kuanza nalo ni hili: bidhaa yangu inakaa muda gani, na mnunuzi wake yuko umbali gani? Ukishalijibu, mitandao yenyewe inajipanga.

Tuanze na wabichi. Mnunuzi wao yuko Bukoba mjini, Kemondo, au pengine Muleba kwa mtu mwenye gari. Anatakiwa ajue asubuhi hiihii. Hapa hakuna kinachoishinda status ya WhatsApp. Inadumu saa 24 kisha inafutika yenyewe, sawasawa na umri wa mzigo, kwa hiyo hakuna mteja wa keshokutwa atakayeagiza kitu kilichokwisha. Lakini status ina sharti ambalo wengi hawalijui: kwa kawaida anaiona mtu uliyehifadhi namba yake na yeye akahifadhi yako. Upande mmoja ukikosekana, haionekani. Orodha ya kutumia watu wengi ujumbe kwa mpigo nayo ina mpaka wa watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Ndiyo maana muuzaji mzoefu, akishapokea pesa, hamalizi kwa asante peke yake. Anaongeza: "Save namba yangu, mama, kesho uone mzigo." Maneno hayo ndiyo tangazo lake lenye nguvu kuliko yote, na hayamgharimu bando.

Status inayouza nayo ina sura yake. Picha moja ya ndoo iliyopigwa kwenye mwanga wa asubuhi, bei ya kipimo, mahali ulipo, na saa utakayoondoka. Basi. Ile tabia ya kuandika "bei njoo inbox" inaua biashara ya kitu kinachoharibika, kwa sababu mteja analazimika kuuliza, wewe unalazimika kujibu mmoja mmoja, na senene wanazidi kuchoka kwenye ndoo.

Wakavu ni habari nyingine. Mnunuzi wao ni Mhaya aliyeko Dar, Arusha au ng'ambo, au mtu asiye Mhaya kabisa aliyesikia sifa za senene. Hayumo kwenye simu yako, kwa hiyo status haitamfikia. Huyu anatafutwa Instagram na TikTok. TikTok hasa imejengwa kuwaonyesha watu video za watu wasiowafuata: mashine inaijaribu video yako kwa wachache, wakiitazama hadi mwisho inaipeleka kwa wengine. Video ya mtego ukiwaka taa usiku inaweza kwenda mbali hata kama akaunti yako ni ya jana. Gharama yake ni MB, na mafuriko ya watu wanaopenda video lakini hawana nia ya kununua.

Ugumu wa kweli kwa mteja huyu ni uaminifu. Anaombwa alipe kwa simu kabla ya kuona mzigo, kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo akaunti ya Instagram ifanye kazi ya ushahidi: uso wa muuzaji, jina la eneo, mzigo ukifungwa, risiti ya basi (ficha jina na namba ya mteja). Mazungumzo na malipo yahamie WhatsApp Business, programu iliyotoka mwaka 2018 na ambayo ni bure. Ina sehemu ya katalogi ya kupanga bidhaa na bei, na majibu ya haraka ya maswali yanayorudiwa. Instagram ionyeshe njia, WhatsApp iwe duka.

Vuka sasa uende visiwa vya Muleba: Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza. Mnunuzi wa dagaa anayeitegemea WhatsApp peke yake huko anajisumbua. Ujumbe usiofika unahifadhiwa hadi siku 30 ukisubiri simu ipate mtandao, jambo zuri kwa salamu na baya kwa bei. Bei ya dagaa ya juzi haimsaidii mtu. Pale ambapo data inakatika na wengi wana kitochi, kupiga simu na SMS bado ndiyo chaguo sahihi, na hakuna aibu ndani yake. Vivyo hivyo mkulima wa kahawa ya maganda anayeuza mnadani kupitia chama chake cha msingi hahitaji TikTok. Anahitaji kundi moja lililotulia ambamo kiongozi wa chama anatangaza bei ya mnada na tarehe ya malipo.

Kwa matumizi binafsi, kipimo kinabadilika. Kundi la ukoo au la msiba linamwonyesha kila mwanachama namba yako, na makundi hayo yanaweza kufika watu 1,024. Kwa mwanamke anayefanya biashara, ninashauri bila kusita laini mbili: moja ya wateja, nyingine ya nyumbani. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na tarakimu sita zinazotumwa na WhatsApp usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa shemeji. Uvumi nao hupita kwenye makundi hayohayo. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa Marburg, Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, taarifa ya kufuata ilikuwa ya Wizara ya Afya. Ujumbe wa sauti wenye alama ya mishale miwili, inayomaanisha umesambazwa mara nyingi, hauna mwenyewe wa kuulizwa.

Limebaki jambo ninaloliona zito kuliko uchaguzi wote huo. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita dunia nzima, kwa kuwa zote ni za kampuni moja. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa Tanzania. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na wateja wake ndani ya programu peke yake hakuwa na wateja siku hizo. Aliyekuwa na majina na namba kwenye daftari alipiga simu.

Namba hizo nazo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo alilozitolea. Mteja aliyekupa namba ili aletewe senene hajakuruhusu kumwingiza kwenye kundi la mikopo.

Kwa hiyo kabla Novemba haijafika na mabati hayajasimamishwa, nunua daftari. Andika jina, namba, mtaa, na kama mtu huyo ananunua wabichi au wakavu. Mtandao uchague baada ya hapo.