Ripoti za Moto

Iko aina ya maandishi ambayo Kenya imeyatoa bila kuchoka kwa zaidi ya miaka 30, na ambayo sijapata kuona mhakiki akiyagusa. Ni ripoti ya kamati iliyoundwa baada ya maafa shuleni. Ripoti hizi zina mtindo wake, zina wahusika wake, zina hata mwisho wake unaotabirika, kama zilivyo hadithi za aina moja. Zinaanza na shukrani kwa mheshimiwa aliyeiteua kamati, zinapita kwenye orodha ya sababu, zinamalizia kwa mapendekezo. Nimezisoma kadiri nilivyoweza kuzipata, kwanza kwa kuwa nilikuwa mwalimu na kazi ilinitaka nizijue, baadaye kwa hamu tu ya kutaka kujua ni kitu gani hasa kinachozifanya zisisaidie. Maana hazijasaidia. Kama zingalisaidia, ya kwanza ingalitosha.

Iliyo maarufu zaidi ni ile ya kamati ya Lawrence Sagini ya mwaka 1991, iliyoundwa baada ya usiku wa tarehe 13 Julai mwaka huo katika shule ya mseto ya St. Kizito huko Meru. Wavulana walikuwa wameazimia kugoma, wasichana wakakataa kuungana nao, na wavulana wakavamia bweni lao. Wasichana 19 walikufa na wengine 71 wakanajisiwa. Mwaka 1999, katika shule ya upili ya Nyeri, viranja 4 walichomwa wakiwa wamefungiwa ndani ya vyumba vyao. Machi 2001 likaja lile la Kyanguli, Machakos, ambapo wavulana 67 waliteketea katika bweni lililokuwa na mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Ndipo ikaundwa kamati nyingine chini ya Naomy Wangai. Mwaka 2008 migomo ilipozagaa, Bunge nalo likafanya uchunguzi wake. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilipowaka katika muda wa miezi michache, timu ikaundwa chini ya Claire Omolo. Na huku ni kutaja baadhi tu.

Sasa msomaji asidhani kwamba waliokaa katika kamati hizi walikuwa wavivu au wajinga. La hasha! Walizunguka nchi, wakasikiliza, wakaandika. Ukizisoma kwa haki utakuta humo mambo mengi ya kweli. Utakuta wameandika kwamba wakuu wa shule wanatawala kwa mkono wa chuma, kwamba hakuna mazungumzo kati ya ofisi na bweni, kwamba hofu ya mtihani inawatesa watoto. Lakini utakuta pia dawa za kulevya, muziki, filamu, wazazi wasiolea, shinikizo la wenzao, chakula kibovu, wanasiasa, na kadhalika na kadhalika. Yote haya yamepangwa kwenye mstari mmoja, kama bidhaa kwenye rafu ya duka, kila moja na namba yake. Kasoro ya ripoti hizi, kwa maoni yangu, ni hiyo orodha yenyewe. Orodha haiulizi ni lipi limezaa lipi. Inampa kila msomaji haki ya kuchukua analolipenda na kuliacha lisilompendeza. Basi Waziri huchukua dawa za kulevya, mkuu wa shule huchukua wazazi, mzazi huchukua filamu, na lile la utawala wa mkono wa chuma hubaki rafuni likipata vumbi hadi kamati inayofuata ije ilipanguse na kulirudisha palepale.

Jambo la pili ni mahali anapokaa mwanafunzi katika sentensi. Angalia vizuri: mwanafunzi katika ripoti hizi anavuta bangi, anashawishiwa, anapotoshwa, anakosa nidhamu. Ni mara chache sana anafikiri. Ametendewa au ametenda, lakini hajahesabu, hajapima, hajasema nafsini mwake kwamba nikifanya hivi kutatokea hivi. Amekuwa dalili ya ugonjwa badala ya kuwa shahidi wake.

Ni kwa sababu hiyo nilikipokea kwa furaha kitabu cha Elizabeth Cooper, mwanaanthropolojia wa Kanada, kiitwacho Burning Ambition, kilichotoka mwaka 2022. Kabla yake, mwaka 2014, alikuwa amechapisha makala katika jarida la African Affairs juu ya suala hilohilo. Cooper alifanya lile ambalo lingeonekana kuwa la kawaida mno kama lingekuwa limefanywa mapema: alikaa na wanafunzi na waliokuwa wanafunzi, akawauliza walikuwa wakifikiria nini. Akakuta kwamba walikuwa wakifikiria sana. Walimweleza kwamba kupeleka malalamiko ofisini hakukuleta kitu ila adhabu, lakini bweni likiungua watu walikuja, wakubwa walifika, shule ilifungwa na wao wakaenda nyumbani. Mara nyingi moto uliwashwa saa ambazo bweni lilikuwa tupu, wenyewe wakiwa darasani jioni. Na somo hilo la kwamba serikali husikia pale kitu kinapoharibika, anasema Cooper, hawakulibuni. Walilipata kwa wazee wao, kwa kuwatazama walimu, madaktari na wafanyakazi wengine wakigoma, na kwa kuangalia jinsi siasa ya nchi inavyoendeshwa.

Hoja hii ina nguvu, na inaeleza lile ambalo orodha haiwezi kulieleza: kwa nini shule za bweni, wala si za kutwa, kwa nini muhula wa pili, mitihani ya majaribio inapokaribia, kwa nini bweni, wala si maabara. Bangi haijui kalenda. Mtu mwenye hesabu yake ndiye anayejua kalenda.

Hata hivyo siwezi kumfuata Cooper hadi mwisho wa safari. Kuuita moto wa bweni kitendo cha kisiasa ni kumpa heshima aliyeuwasha, na heshima hiyo pengine anaistahili katika baadhi ya shule, lakini vipi yule asiyetaka kuwasha? Wale wasichana wa St. Kizito walikuwa nao na msimamo wao. Walikataa kugoma. Kukataa huko kulikuwa ni siasa vilevile, tena ya ujasiri mkubwa zaidi, na kuliwagharimu maisha. Katika kila shule iliyoungua walikuwamo watoto waliotaka tu kusoma, ambao mama zao waliuza mbuzi kulipa karo, na ambao baada ya moto walitozwa fedha za kujenga bweni jipya sawa na wale waliolichoma. Mtafiti anayewasikiliza waliogoma hana budi awatafute na waliokaa kimya. Vinginevyo tutakuwa tumeiondoa sauti ya mkuu wa shule na kuweka mahali pake sauti ya kiongozi wa mgomo, nayo haikuwa siku zote sauti ya wengi.

Nitatoa mfano mmoja kwa vile nilikuwapo. Katika shule niliyofundisha kulikuwa na sanduku la maoni, limetundikwa nje ya jumba la kulia, lina kufuli. Kijana mmoja aliandika karatasi isiyo na jina akisema maharagwe yana wadudu na kwamba mwenye zabuni ya kuyaleta anafahamika. Mkuu wa shule aliisoma, akaagiza madaftari ya kidato cha tatu yaletwe ofisini, akaanza kulinganisha hati za mkono. Ilimchukua alasiri moja tu. Yule kijana akarudishwa nyumbani kwa wiki mbili. Sanduku liliendelea kuning'inia pale miaka yote niliyokuwa hapo, na sikumbuki kuona mtu akitia karatasi tena. Maafisa wa elimu walipokuja kukagua shule walilikuta, wakaandika kuwa njia ya wanafunzi kutoa maoni ipo. Hawakudanganya. Ilikuwapo kweli.

Mambo ya namna hii ndiyo waliyoyakuta Betty Jeruto Tikoko na Catherine Jemutai Kiprop katika utafiti wao wa mwaka 2011 kuhusu kushirikishwa kwa wanafunzi katika maamuzi ya shule za upili. Waliona kwamba shule zilijaribu kuwashirikisha, lakini ushirikishwaji wenyewe ulikuwa wa jina tu: wanafunzi waliulizwa juu ya mambo madogo ya ustawi wao, na mambo yenye uzito, kama vile fedha na mitihani, yakabaki kwa wakubwa. Makala yao ni fupi na haina makeke, imejaa majedwali kama zilivyo nyingi za namna hiyo, lakini ningempa mkuu wa shule mpya aisome kabla ya ripoti yoyote ya kamati.

Watetezi wa serikali watasema kwamba mengi yamebadilika tangu hapo, nao hawakosei. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001. Mwaka 2009 yalianzishwa mabaraza ya wanafunzi, na shule nyingi zikaacha mtindo wa mkuu kujiteulia viranja na kuruhusu kura. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikamwingiza mwakilishi wa wanafunzi katika bodi ya usimamizi ya shule. Lakini soma kifungu chenyewe: anaingia kwa wadhifa wake tu, si mjumbe kamili kama wengine. Mtoto wa miaka 17, mwenye sare, anaketi mbele ya mwenyekiti, padri, mjumbe wa kaunti na mkuu wa shule ambaye kesho yake ndiye atakayeandika barua ya tabia yake. Tunataka aseme nini? Ningependa kuona utafiti mmoja tu, wa kaunti moja, unaohesabu ni mara ngapi baraza la wanafunzi limesema hapana na hapana hiyo ikasimama.

Tusimwonee mkuu wa shule, hata hivyo. Katika fasihi yote hii yeye ndiye asiyechunguzwa kwa makini kuliko wote, ingawa ndiye anayelaumiwa kuliko wote. Kalenda ya mwaka 2016 haikutungwa naye. Wizara chini ya Fred Matiang'i, katika vita vyake dhidi ya wizi wa mitihani, ilirefusha muhula wa pili na kuzuia ziara za wazazi katika muhula wa tatu. Mkuu wa shule alipelekewa waraka akaambiwa atekeleze. Wanafunzi walipochoma mabweni, wakubwa walisema ni magenge ya wauza mitihani yaliyokasirishwa, na wale waliosema kwamba watoto wamechoka na muhula mrefu wakaonekana wanatetea wahalifu. Mkuu alibaki katikati, hana mamlaka ya kubadilisha tarehe, lakini ana wajibu wa kuhakikisha hakuna cheche. Mtu anayeamriwa kutoka juu bila kuulizwa huwa hajifunzi kuuliza walio chini yake. Sidhani ni bahati mbaya kwamba utawala wa shule zetu umefanana mno na utawala ulioziweka.

Tena kuna mioto ambayo hoja ya Cooper haiigusi kabisa. Usiku wa Septemba 2024, katika Chuo cha Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, wavulana 21 wa shule ya msingi walikufa bwenini. Hapa hapakuwa na mgomo wala siasa. Palikuwa na watoto zaidi ya 150 waliolala katika jengo moja la mbao na mabati. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara mwaka 2008 ulikuwa umeshasema yote: milango ifunguke kwa nje, iwepo kila upande wa bweni na mmoja wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2; njia ya kupitia isipungue mita 2. Ulikuwa umechapishwa miaka 16 kabla. Baada ya mazishi maafisa walizunguka na tepu zao, na shule zaidi ya 300 zikaamriwa kufunga sehemu zao za bweni.

Kwa hiyo ninapoulizwa ni utafiti gani ningetaka ufanywe sasa, sitaji kamati. Ningetaka mtu aende katika bweni moja saa tatu za usiku, akiwa na ruhusa ya wazazi na bila mkuu wa shule kusimama mlangoni, awaulize watoto maswali matatu. Wanalala wangapi kitanda kimoja? Mlango wa pili hufunguliwa na nani, na ufunguo hukaa wapi usiku? Mara ya mwisho walipomwambia mtu kuwa jambo fulani si sawa, huyo mtu alifanya nini? Mawili ya kwanza mtoto wa miaka 10 anayajibu bila kusitasita. La tatu litahitaji uvumilivu, kwa kuwa atatazama kwanza nyuma yake.