Timusi iliyokwama si timusi isiyokuwepo

Wenzangu, juzi nilifungua tena silabi yetu ya embriolojia, ile fotokopi iliyofifia. Nilikuwa hapa Kalundu, bandarini, na mdogo wangu anayeanza masomo ya udaktari alitaka nimwelezee timusi. Nikakuta mistari minne tu: panya asiye na kinga amezaliwa bila timusi, na mtoto wa kwashiorkor ni vilevile. Tulikariri hivyo, tukapata pointi, tukapita.

Panya gani sasa? Panya uchi, ambaye Pantelouris aliandika mwaka 1968 kwamba hana timusi, kumbe mbegu yake anayo. Mimba ya panya ni siku 19 au 20 hivi. Karibu siku ya 11, mfuko wa tatu wa koo unatoa kichipukizi kimoja chenye pande mbili: paratiroidi na timusi. Paratiroidi inaendelea vizuri. Upande wa timusi unasimama palepale, juu jeni Foxn1 imeharibika: ukuta haukomai, na chembe changa za damu zinafika mlangoni bila kuingia. Jeni hiyohiyo ndiyo inamnyima manyoya.

Panya scid, aliyetangazwa mwaka 1983, ni habari nyingine kabisa. Kwake nyumba inaanza kujengwa na wageni wanaingia, lakini wageni wenyewe hawawezi kuunga vipande vya DNA yao, basi wanakufa ndani. Panya uchi ukimpandikizia timusi nzima, anapata limfositi T. Scid yeye anahitaji uboho. Kuwaweka katika sentensi moja ni kumfundisha mwanafunzi dawa isiyofaa.

Na huyo mtoto wa kwashiorkor? Hapo ndipo silabi iliniudhi. Timusi yake ilijengwa sawa tumboni mwa mama. Ni njaa na maambukizi vilivyoikausha baadaye. Kule Lwiro, Kivu ya Kusini, watoto kama hao wamehudumiwa miaka mingi, na huwezi kumhudumia vizuri mtu uliyefundishwa kwamba kinga yake haikuwahi kuumbwa. Sijui aliyeandika alikuwa na haraka gani.

Mdogo wangu akaniuliza: "Yaya, kwa hiyo akila vizuri inarudi?"

Nikamwambia ndiyo, inakua tena, ila polepole kuliko kilo zake. Akachukua biki, akafuta ule mstari wa mwisho.