Fundi Hodari Huanza na Maji ya Baridi

Nyumba nyingi za Arusha, Mbeya, Iringa na Njombe siku hizi zina shawa ya umeme bafuni, na ifikapo Juni malalamiko ni yaleyale: maji yanatoka vuguvugu, au yanachoma kisha yanageuka baridi mtu akiwa na sabuni kichwani. Fundi anaitwa, anaitazama shawa akiwa mlangoni, anasema koili imeungua, inunuliwe nyingine. Huyo mpe nauli yake aende. Kazi ya maji ya moto ina ustadi wake, na yeyote anayetoa fedha zake anaweza kujifunza kuutambua hata kama hajawahi kushika spana.

Dalili ya kwanza ya fundi anayejua ni kwamba anazima umeme wa shawa kwenye breka, kisha anaomba ndoo. Anafungua maji, anakinga, anatazama saa. Hesabu yote ya bafu imo ndani ya ndoo ile. Lita moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Shawa ya kilowati 5.5 hutoa kilojuli 330 kwa dakika. Maji ya tangi asubuhi ya Julai yakiwa na nyuzi 18, nawe ukataka nyuzi 38 za kuogea, shawa hiyo inaweza kuhudumia lita 4 hivi kwa dakika, basi. Kwa hiyo ndoo ya lita 10 ikijaa kwa dakika moja, maji yatafika nyuzi 26 tu, hata shawa ikiwa imetoka dukani jana. Ikijaa kwa dakika mbili na nusu, mambo ni mazuri. Ikichukua dakika tano, ama maji yatakuchoma, ama shawa itakataa kuwaka. Zipo nyumba ambazo tatizo huishia hapo: koki inapunguzwa kidogo, maji yanapata moto, na hakuna kilichonunuliwa.

Huko kukataa kuwaka ndiko kunakowachanganya wengi. Ukifungua shawa ya umeme utakuta raba ya duara, nyembamba. Maji yakiingia kwa nguvu, raba inavimba na kusukuma kontakti za umeme zikutane, ndipo koili inapopata moto. Maji yakilegea, raba inanywea, kontakti zinaachana, na koili inapoa papo hapo. Sasa fikiria mtu anaoga, na chooni mwenzake amevuta maji. Tangi la choo linaanza kujaa, nguvu ya maji bafuni inashuka, kontakti zinaachana. Choo kikijaa, zinakutana tena. Anayeoga anapata moto, baridi, moto, na anaapa kwamba shawa ni mbovu. Kila zinapokutana na kuachana zinatoa cheche, na baada ya miezi ya mchezo huo nyuso zake zinakuwa nyeusi, zenye mashimo madogo. Fundi hodari atakutolea kontakti hizo uzione kwa macho yako. Anayebadilisha koili na kufunga bila kukuonyesha kitu hajatafuta chanzo.

Ndiyo maana kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: weka mkono chini ya shawa inayotoa maji ya moto, kisha mwombe mtu afungue koki ya jikoni mpaka mwisho. Bomba lililotandazwa kwa akili litakupa badiliko dogo, pengine usilitambue. Lililotandazwa ovyo litakuonyesha papo hapo. Fanya hivyo kabla fundi hajaanza kazi, na ufanye tena kabla hujamlipa.

Maji yakiwa dhaifu hata koki nyingine zote zikiwa zimefungwa, kuna mambo machache ya kukagua, na mengi ni ya kawaida. Kimo cha tangi ndicho cha kwanza. Kila mita moja kutoka usawa wa maji ya tangi hadi kwenye shawa hutoa baa 0.1 tu, kwa hiyo simtanki iliyokaa juu ya dari la nyumba ya kawaida haina nguvu ya kujivunia. Kimo cha chini kinachotakiwa huandikwa kwenye boksi la shawa, nalo boksi hutupwa kabla halijasomwa. Baada ya kimo, chujio dogo penye maingilio ya maji, ambalo hukusanya mchanga wa tangi. Baada ya chujio, matundu ya kutolea maji. Maji ya kisima yenye chumvi huyaziba kwa ukoko mweupe, na kuyalaza usiku kucha ndani ya siki huutoa. Bomba la zamani la chuma likitoa maji ya rangi ya kutu kila asubuhi, ujue tundu lake limeshapungua kwa ndani, na kubadilisha shawa hakutasaidia.

Mabomba ya PPR, yale ya kijani, yanastahili neno refu zaidi, kwa kuwa ndiyo yaliyoenea na ndiyo yanayoficha uzembe vizuri kuliko yote. Bomba la milimita 20 lililo nene, la daraja la PN20, lina tundu la milimita 13.2 tu, la milimita 25 lina milimita 16.6, yaani nafasi ya kupitishia maji inayozidi ile ya kwanza kwa zaidi ya nusu. Fundi anayetandaza njia kuu kwa bomba la 20 ili kupunguza gharama amekupangia ugomvi kati ya jikoni na bafu kwa miaka yote utakayoishi humo. Kisha kuna kiungo. Mashine ya kuyeyushia hufanya kazi kwenye nyuzi 260, na bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 humo. Likikaa mara mbili ya hapo, kisha likasukumwa kwa nguvu kupita kina chake, plastiki iliyoyeyuka hukunjamana kwa ndani na kuacha mdomo unaobana njia. Nje unaona pete safi. Ndani tundu limebaki nusu. Mwombe fundi aunge kipande kifupi cha majaribio, kisha akikate kwa urefu kwa msumeno. Kiungo kizuri ni laini ndani, na nje kina pete mbili ndogo zinazolingana pande zote. Anayejiamini hatachukia ombi hilo. Wengine hukikata wenyewe bila kuombwa, nami hao huwapa kazi bila kujadili bei.

Umeme nao huleta uvuguvugu ambao fundi bomba peke yake hawezi kuutibu. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti. Shawa ya kilowati 5.5 iliyotengenezwa kwa volti 230, jioni umeme ukishuka hadi volti 190, inabaki na kilowati 3.75 hivi. Asubuhi maji ni moto, saa mbili usiku ni vuguvugu, na hakuna kilichoharibika bafuni. Fundi mwenye mita ya kupimia volti atalijua hilo kwa dakika moja. Waya nao una neno lake: shawa hiyo huvuta karibu ampea 24, na waya wa milimita za mraba 2.5 uliochomolewa kutoka kwenye soketi ya chumbani haufai. Nataka kuona waya wa 4, au wa 6 safari ikiwa ndefu, unaotoka kwenye breka yake wenyewe, pamoja na waya wa ardhi uliofungwa barabara. Anayesema shoti ndogo kwenye koki ni kawaida asiguse tena umeme wa nyumba yako, na shawa hiyo isiwashwe mpaka ikaguliwe.

Wenye hita ya tangi au ya jua wana ugonjwa tofauti. Mara nyingi maji ya moto hushuka kutoka tangi la juu wakati ya baridi yanatoka moja kwa moja kwenye laini ya mamlaka ya maji, yenye nguvu zaidi. Yakikutana kwenye koki ya kuchanganyia, ya baridi huyasukuma ya moto yarudi yalikotoka. Fungua koki zote mbili na ushike bomba la moto: likianza kupoa mkononi, jibu umelipata. Dawa ni kuyalisha yote mawili kutoka tangi moja, na valvu ya kuzuia maji kurudi ni nyongeza tu. Angalia pia kama bomba la moto limepanda na kushuka njiani kama nundu ya ngamia. Hewa hukaa pale juu, na maji yakawa yanakohoa badala ya kutiririka.

Kazi ikiisha, mlipe fundi kwa kulitafuta tatizo, hata kama alichokitoa ni kijiko cha mchanga kwenye chujio. Mafundi wengi huuza shawa mpya kwa sababu wateja hukubali kulipia kifaa tu, na saa nzima ya kupima na kufikiri huihesabu kuwa bure.